Kinacholetwa na apt update

Kompyuta inayoendeshwa na Debian, Ubuntu au mfumo mwingine wa ukoo huo haijui papo kwa papo ni programu zipi zinapatikana kwenye intaneti. Inachokijua ni kile tu kilichoandikwa katika orodha zilizohifadhiwa kwenye diski yake yenyewe, ndani ya folda ya /var/lib/apt/lists. Orodha zikiwa za asubuhi hii, majibu yake ni ya asubuhi hii. Zikiwa za mwaka jana, itajibu kwa habari za mwaka jana, tena bila kusita. Zisipokuwapo kabisa, itasema programu inayotafutwa haipo, hata kama inatumiwa na mamilioni ya watu. Amri inayozileta orodha hizo ni ya maneno matatu:

sudo apt update

Amri hii haisakinishi kitu wala haigusi programu yoyote iliyomo kwenye mashine. Dhana kwamba “inasasisha kompyuta” imeenea mno, na jina lake limechangia. Kazi yake ni kwenda kwenye hazina za programu, kuchukua orodha za vifurushi vilivyopo, kuhakikisha kwamba zimetoka kwa mwenyewe, na kuziweka mahali ambapo amri nyingine zitazisoma. Kubadilisha programu zenyewe ni kazi ya apt upgrade, nayo hufuata chochote ambacho orodha imesema. Anayeendesha upgrade bila kutanguliza update huenda akaambiwa kwamba kila kitu ni kipya, na kwa mujibu wa orodha iliyopo, hilo ni kweli.

Kifurushi ni faili moja lenye mwisho wa .deb. Ndani yake mna programu iliyokwisha kutayarishwa, maelezo yake, na majina ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila kuwapo kwavyo. Utegemezi huo ndio uliozaa haja ya orodha. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na chombo chake cha kale cha kushughulikia vifurushi, dpkg, kinatumika mpaka leo. Lakini dpkg hufungua kile tu kilicholetwa mbele yake. Kikipewa kifurushi kinachotegemea kingine ambacho hakimo, kinalalamika na kusimama. Kukitafuta hicho cha pili, na cha tatu ambacho cha pili kinakihitaji, ni juu ya mtumiaji. APT, iliyoingia rasmi na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, iliondoa adha hiyo kwa kuwa na orodha nzima mkononi. Ikijua vifurushi vyote na mahitaji ya kila kimoja, inaweza kupanga yenyewe nini kichukuliwe na kwa utaratibu gani.

Amri fupi ya apt ilitangazwa baadaye sana, pamoja na toleo la 1.0 la mwaka 2014. Kabla yake kazi ziligawanywa kati ya apt-get, iliyoleta vitu, na apt-cache, iliyosoma orodha. Zote mbili zingalipo, na katika hati za amri zinazojiendesha zenyewe ni afadhali kutumia apt-get, kwa kuwa apt yenyewe huonya kwamba mpangilio wa maandishi inayoyatoa unaweza kubadilika wakati wowote.

Hazina ya vifurushi, licha ya jina lake zito, ni seva ya kawaida ya wavuti. Mtu anaweza kuifungua kwa kivinjari na kutembea ndani yake. Atakuta folda ya pool, iliyojaa mafaili ya .deb, na folda ya dists, iliyojaa orodha. Seva haikokotoi chochote na haina habari nani amesakinisha nini. Akili yote iko upande wa kompyuta ya mtumiaji. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuinakili hazina nzima mpaka seva nyingine katika nchi nyingine, na kwa miongo kadhaa vyuo vikuu na kampuni za intaneti zimekuwa zikitunza nakala hizo bila malipo. Si mzigo mdogo: Debian 12, yenye jina la bookworm, ilipotolewa Juni 2023 ilitangazwa kuwa na vifurushi 64,419.

Anwani za hazina huandikwa kwenye faili la /etc/apt/sources.list, au kwenye mafaili mengine yaliyo katika folda ya /etc/apt/sources.list.d. Mstari wa kawaida wa Debian 12 una sura hii:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free-firmware

Neno la kwanza linasema kwamba hazina ina vifurushi vilivyo tayari kutumika. Lingekuwa deb-src, ingekuwa ni msimbo wa chanzo. Baada ya anwani linakuja jina la toleo. Maneno yanayobaki ni sehemu za hazina. Sehemu ya main ina programu zilizo huru kabisa kwa vigezo vya Debian, contrib ina zile zilizo huru lakini zinazotegemea kitu kisicho huru, na non-free-firmware ilitengwa kuanzia Debian 12 kwa ajili ya programu ndogo zinazowezesha kadi za Wi-Fi na vifaa vingine vya namna hiyo. Ubuntu ina mgawanyo wake: main, restricted, universe na multiverse. Universe ndiyo kubwa kupita zote, na programu nyingi “zisizopatikana” kwenye Ubuntu zimo humo, ila sehemu yenyewe haikutajwa kwenye faili la anwani.

Kuanzia Ubuntu 24.04 maelezo hayo hayo yamehamia kwenye faili la /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, yakiwa yamepangwa kwa vichwa kama Types, URIs, Suites na Components badala ya mstari mmoja mrefu. Mwongozo wa zamani unaoagiza kuhariri sources.list kwenye mashine mpya utamfikisha msomaji kwenye faili lisilo na kitu ila maelezo mafupi yanayomwelekeza kwingine.

Ubuntu iliyosakinishwa Tanzania mara nyingi hupewa anwani inayoanza na tz.archive.ubuntu.com, na iliyosakinishwa Kenya ke.archive.ubuntu.com. Herufi mbili za mwanzo zinakusudiwa kuelekeza kwenye nakala iliyo karibu. Hata hivyo, nchi isipokuwa na nakala iliyosajiliwa, jina hilo huishia kwenye seva kuu za Ubuntu, kwa hiyo kuona tz kwenye anwani si ushahidi kwamba data inatoka ndani ya nchi.

Ikishasoma anwani, apt haikimbilii orodha kubwa. Kwa kila toleo lililotajwa inaomba kwanza faili dogo liitwalo InRelease. Faili hili lina tarehe, jina la toleo, aina za vichakata vinavyohudumiwa, na jedwali la mafaili yote ya orodha, kila moja likiwa na ukubwa wake na hashi yake. Hashi ya aina inayotumika hapa, SHA256, huandikwa kwa herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na yote yaliyomo kwenye faili. Ikibadilika baiti moja tu, hashi nzima hubadilika. InRelease hubeba pia sahihi ya kidijitali ya wenye hazina.

Wakati wa kuomba faili hilo, apt huitajia seva tarehe ya nakala iliyo nayo. Kama hakuna kilichobadilika, seva hujibu hivyo na shughuli inaishia hapo, bila data ya maana kutumika. Kama kumebadilika kitu, apt hulichukua InRelease jipya, husoma jedwali lake, na huleta yale mafaili tu ambayo hashi zake zimebadilika. Kubwa miongoni mwayo ni lile liitwalo Packages, ambalo ndilo orodha yenyewe. Kwa sehemu ya main ya bookworm, kwa kompyuta za kawaida za biti 64, faili hilo likiwa limebanwa lina karibu megabaiti 9, na likifunguliwa linafika makumi ya megabaiti.

Ndani ya Packages kila kifurushi kina aya yake. Chukua kifurushi cha hello, ambacho kazi yake yote ni kuchapa salamu na ambacho kipo kwa ajili ya kufundishia. Aya yake inataja jina, toleo ambalo katika bookworm ni 2.10-3, aina ya kichakata, anayekitunza, na vifurushi kinavyovitegemea. Inataja pia njia kamili ya faili ndani ya hazina, pool/main/h/hello/hello_2.10-3_amd64.deb, na hashi ya faili hilo. Namba ya toleo, inavyoonekana, imo ndani ya jina la faili. Jambo hilo dogo ndilo linaloeleza moja ya makosa yanayowasumbua sana watumiaji, na litarudiwa mbele.

Orodha zote zikishafika, apt huzisoma na kuziunganisha kuwa faili moja la haraka, pkgcache.bin, kwenye folda ya /var/cache/apt. Ndiyo hatua inayoonekana kwenye skrini kwa maneno Reading package lists. Kwenye kompyuta kuukuu au ile ndogo ya Raspberry Pi, hapa ndipo subira inapohitajika.

Sahihi ya InRelease inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu usalama wa mfumo mzima unaning’inia hapo. Wenye hazina hawatii sahihi kwenye kila kifurushi kati ya makumi ya maelfu. Wanatia sahihi kwenye faili moja. Faili hilo lina hashi ya Packages, na Packages ina hashi ya kila .deb. Mtu aliyeko njiani akibadilisha kifurushi kimoja, hashi yake haitalingana na iliyo kwenye orodha; akirekebisha orodha ili ilingane, hashi ya orodha haitalingana na iliyo kwenye InRelease; akigusa InRelease, sahihi inavunjika, na ufunguo wa siri wa kutia sahihi mpya hana. Uhakiki huu wa moja kwa moja uliingia katika Debian thabiti na toleo la 4.0 la mwaka 2007.

Mpango huo unaeleza kwa nini anwani nyingi za hazina bado zinaanza na http bila herufi s, jambo linalowashtua wengi walioambiwa wasiamini tovuti ya namna hiyo. Usiri haumo, kwani anayechungulia mtandao anaweza kuona ni kifurushi gani kinachukuliwa. Uhalisi umo, maana unalindwa na sahihi. Lakini hoja hiyo isichukuliwe kana kwamba imefunga mjadala. Januari 2019 mtafiti Max Justicz alionyesha kasoro katika namna apt ilivyoshughulikia majibu ya seva yanayomwelekeza mteja kwenye anwani nyingine. Mtu aliyeko katikati ya mawasiliano ya http angeweza kuitumia kupenyeza kifurushi chake na kukisakinisha kwa mamlaka ya msimamizi. Kasoro ilizibwa mara moja na kupewa namba CVE-2019-3462. Fundisho lililobaki ni kwamba msimbo unaohakiki nao ni programu, nayo ina makosa yake. Palipo na https, hakuna sababu ya kuikataa.

Kuna pia hila isiyohitaji kughushi chochote: kumpa mtu orodha ya zamani iliyotiwa sahihi kihalali, ili asijue kwamba kuna marekebisho mapya ya usalama. Dawa yake ni mstari wa Valid-Until ndani ya InRelease, unaotaja mwisho wa uhalali wa orodha. Hazina ya usalama ya Debian hujipa takriban wiki moja tu.

Sahihi huhakikiwa kwa ufunguo wa umma ambao tayari umo kwenye mashine, ulioletwa na mfumo wenyewe wakati wa kusakinishwa. Hazina ya nje, kwa mfano ya kampuni inayotengeneza kivinjari au hifadhidata, huhitaji ufunguo wake kuongezwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa apt-key, ambayo imeachwa kwa sababu nzuri: ufunguo ulioingizwa kwa njia hiyo uliaminiwa kwa hazina zote, hata zile ambazo mwenye ufunguo hahusiki nazo. Sasa ufunguo huwekwa kwenye faili lake, na mstari wa Signed-By huufunga kwa hazina moja tu. Hata hivyo, kuongeza hazina ya nje si jambo la kufanywa kwa wepesi ambao miongozo mingi huudokeza. Vifurushi vinaposakinishwa huendesha amri kwa mamlaka kamili ya msimamizi, kwa hiyo mwenye hazina anakuwa na uwezo juu ya mashine sawa na mwenye mashine.

Skrini wakati wa update hujaa mistari yenye namba, na neno la kwanza la kila mstari ndilo la kutazama. Hit maana yake faili halijabadilika na halikupakuliwa. Get maana yake limepakuliwa, na ukubwa wake umeandikwa mwishoni mwa mstari kwenye mabano ya mraba. Ign ni faili ambalo halikupatikana lakini apt imeamua kuendelea. Err ni kushindwa, na hapo maelezo hufuata. Mwishoni huja jumla ya data iliyoletwa, kisha idadi ya vifurushi vinavyoweza kuboreshwa. Mtu mwenye bando dogo atajifunza mengi kwa kusoma mistari ya Get peke yake.

Orodha ikishatua kwenye diski, maswali yote hujibiwa bila intaneti na bila sudo. Amri ya apt list huchapa kila kifurushi kinachojulikana, mstari kwa mstari, na kwa kuwa mistari hiyo ni makumi ya maelfu, yafaa kuipitisha kwenye less au grep. Apt list --installed hubakiza vilivyosakinishwa, na apt list --upgradable vile vyenye toleo jipya zaidi. Apt search hutafuta neno kwenye majina na maelezo; ikileta matokeo kupita kiasi, --names-only huibana ibaki kwenye majina. Apt show hutoa aya nzima ya kifurushi kimoja kwa namna inayosomeka. Kwa anayetaka majina matupu ya kupitisha kwenye amri nyingine, apt-cache pkgnames inafaa kuliko zote, maana haipambi wala haitoi maonyo.

Amri isiyojulikana sana, ingawa ina manufaa kuliko nyingi, ni apt policy. Ikipewa jina la kifurushi inaonyesha toleo lililosakinishwa, toleo ambalo lingesakinishwa sasa hivi, na jedwali la matoleo yote yanayojulikana pamoja na hazina ambako kila moja limetoka. Mashine yenye hazina tatu au nne inapoanza kuleta matoleo ya ajabu, jibu huwa kwenye jedwali hilo.

Makosa mengi ya apt, yakichunguzwa, ni tofauti kati ya orodha iliyo kwenye diski na hali ilivyo kwenye seva. Unable to locate package haimaanishi kwamba kifurushi hakipo duniani. Inamaanisha jina hilo halimo kwenye orodha zilizopo. Huenda jina limekosewa, huenda sehemu kama universe haijawashwa, au orodha hazijaletwa kamwe. Hili la mwisho hutokea sana kwenye makontena ya Docker, kwa kuwa taswira rasmi za Debian na Ubuntu hutolewa zikiwa hazina orodha ili ziwe ndogo.

Ujumbe wa 404 Not Found wakati wa kusakinisha unatokana na lile jina la faili lenye namba ya toleo. Orodha ya wiki tatu zilizopita inasema kifurushi kiko kwenye njia fulani. Tangu hapo limetoka toleo lililorekebishwa, la zamani likaondolewa kwenye pool, na njia ile haina kitu tena. Ni sawa na kumfuata mpangaji kwa anwani ya nyumba aliyokwisha kuhama. Kuendesha update kunamaliza tatizo. Waandishi wa Dockerfile huingia mtego huu bila kujua wanapoweka apt-get update kwenye hatua moja na apt-get install kwenye hatua nyingine: Docker huhifadhi matokeo ya hatua ya kwanza na kuyatumia tena miezi baadaye, orodha ikiwa imechakaa. Kuziunganisha amri mbili kwa && katika hatua moja ndiyo desturi iliyozoeleka, pamoja na kufuta /var/lib/apt/lists mwishoni.

Toleo zima la mfumo nalo huzeeka. Ubuntu au Debian ambayo muda wake wa kuhudumiwa umekwisha huondolewa kwenye hazina za kawaida na kuhamishiwa makavazini, old-releases.ubuntu.com kwa Ubuntu na archive.debian.org kwa Debian. Kompyuta ya ofisi ambayo haikuguswa kwa miaka sita huenda ikapata Err mstari baada ya mstari. Kubadilisha anwani kutarudisha orodha, lakini marekebisho ya usalama hayatarudi. Ni njia ya kuvukia kwenda toleo jipya, si mahali pa kukaa.

Saa ya kompyuta ni chanzo ambacho wengi hawakifikirii. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, au mashine ikiwa Raspberry Pi ya aina isiyo na saa ya ndani, tarehe hurudi nyuma, na apt hukataa orodha kwa kusema Release file is not valid yet: faili limetiwa sahihi kesho. Saa ikienda mbele kupita kiasi, Valid-Until inaonekana imepita. Kabla ya kulaumu mtandao, inafaa kuandika date na kuona kompyuta inadhani leo ni lini.

NO_PUBKEY ni ufunguo unaokosekana. Hash Sum mismatch ni orodha isiyolingana na hashi yake, mara nyingi kwa sababu seva ya kati ya mtoa huduma imetoa faili la zamani ililolihifadhi, au nakala ya hazina ilikuwa katikati ya kusasishwa. Kungoja kidogo na kurudia kunatosha mara nyingi. Could not get lock, unaotokea hasa dakika chache baada ya kuwasha kompyuta, unamaanisha apt nyingine inafanya kazi kwa siri. Si mdudu: Debian na Ubuntu zina kipima muda kiitwacho apt-daily ambacho huleta orodha chenyewe, na mashine iliyozimwa usiku hufidia ratiba iliyopita inapowashwa. Kulifuta faili la kufuli kwa nguvu, kama ushauri mwingine unavyosema, ni kujitafutia balaa. Ni bora kusubiri.

Kipima muda hicho hula bando pia. Anayetumia intaneti ya simu anaweza kukituliza kwa kuweka sifuri kwenye APT::Periodic::Update-Package-Lists ndani ya faili la /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades, mradi akumbuke kuleta orodha mwenyewe. Akiba nyingine iko kwenye maelezo marefu ya vifurushi, ambayo huja kama mafaili tofauti yanayoanza na Translation. Mpangilio wa Acquire::Languages ukiwekwa "none", hayaletwi tena, ingawa apt search itakuwa na maneno machache ya kutafutia.

Kwa maabara ya shule yenye kompyuta thelathini, kila moja kuleta orodha ile ile kutoka nje ni ubadhirifu mtupu. Programu ya apt-cacher-ng ikisakinishwa kwenye kompyuta moja husikiliza kwenye mlango wa 3142, na nyingine zote zikielekezwa kwake kwa mstari mmoja wa Acquire::http::Proxy, kila orodha na kila kifurushi hupita kwenye modemu mara moja tu. Mashine isiyo na intaneti kabisa haijasahauliwa. Apt-offline huandika kwenye faili dogo mahitaji ya mashine hiyo. Faili hubebwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta yenye mtandao, huko orodha hupakuliwa na kufungwa pamoja, kisha hurudishwa na kuingizwa, uhakiki wa sahihi ukiwa palepale.

Nje ya ukoo wa Debian, wazo ni lile lile ila tabia hutofautiana. Fedora, iliyoanza kutumia dnf kama chombo chake kikuu mwaka 2015 na toleo la 22, haimlazimishi mtumiaji kuleta orodha kwa mkono: dnf hutazama umri wa orodha iliyo nayo, na ikiwa imepita muda uliowekwa, huleta mpya yenyewe kabla ya kutekeleza ilichoagizwa. Anayetaka kuileta kwa hiari huandika dnf makecache, na dnf list --available huonyesha kisichosakinishwa. Kwenye openSUSE amri ni zypper refresh. Arch Linux hutumia pacman -Sy, lakini watunzaji wake wanakataza kuleta orodha mpya kisha kusakinisha kifurushi kimoja bila kuboresha vingine, kwa sababu Arch huenda mbele yote kwa pamoja na maktaba za zamani huachwa nyuma; kwao -Syu, inayoleta orodha na kuboresha kila kitu, ndiyo njia salama. Kwenye simu za Android, Termux ina amri ya pkg update, ambayo chini yake ni apt ile ile, na kijana mwenye simu pekee anaweza kujifunza karibu yote yaliyoelezwa hapa bila kumiliki kompyuta. Alpine, mfumo mdogo unaopendwa kwenye makontena, huleta faili la APKINDEX la kila hazina kwa apk update, na imeruka tatizo zima la orodha kuchakaa kwa chaguo la apk add --no-cache: orodha huletwa, husomwa, kifurushi husakinishwa, na hakuna orodha inayobaki kwenye diski.